Baraza ni la Wote, Mimbari Ina Masharti

 

Tumepokea barua ya mama mmoja wa Likoni, msomaji wetu wa siku nyingi. Anatueleza kwamba Jumapili moja baada ya alasiri alikuwa ameketi uani pamoja na jirani yake wa Kikamba, wakimenya viazi vya karai vya kuuza jioni. Mwanawe aliye sekondari akatoka chumbani na gazeti, akaanza kuwasomea. Ukurasa mzima ulikuwa umetolewa kwa mwanasiasa mmoja, picha yake kubwa katikati, na maneno yake yakishuka pande zote mbili bila ya swali hata moja kuyakatiza. Alikuwa akisema kwamba dawa ya shida za Pwani ni watu waliotoka bara kurudi walikotoka. Kijana alisoma mpaka mwisho, akijivunia ufasaha wake. Jirani hakusema neno. Alifuta mikono kwa leso, akasema ameacha chungu motoni, akaenda zake. Mama anatuandikia: "Hapakuwa na chungu. Jiko tulilokuwa nalo siku ile lilikuwa moja, nalo lilikuwa mbele yetu."

Jirani huyo, anaongeza mama, ni miongoni mwa waliolala katika uwanja wa kanisa la Katoliki la Likoni mwaka 1997, mtoto akiwa mgongoni.

Maswali ya mama ni mawili. La kwanza: gazeti lile limekosea, au limefanya kazi yake ya kutujulisha wanayosema wakubwa? La pili: angemwambia nini mwanawe? Tumeona maswali haya hayamhusu yeye peke yake, kwa hivyo tumeyaleta hapa tuyatazame sote.

Tuanze na sababu ya chungu kile ambacho hakikuwapo. Mwezi wa Agosti 1997, usiku, watu wenye silaha walikivamia kituo cha polisi cha Likoni karibu na kivuko, wakaua askari na kuiba bunduki. Katika majuma yaliyofuata, watu wasiopungua 100 waliuawa, na maelfu kwa maelfu walihama makwao, wengi wao wakiwa watu wa bara. Kabla ya risasi yalikuwepo maneno. Vikaratasi vilisambazwa kuwataka wasiokuwa wenyeji waondoke. Wenyeji nao hawakusalimika, kwani msako wa polisi uliofuata uliwapata vijana wa Pwani wasiokuwa na hatia, na mama zao wakawatafuta kituo hadi kituo. Haya hatuyataji ili kufukua makaburi. Tunayataja kwa sababu mtu aliyewahi kukimbia kwa ajili ya sentensi fulani huijua sentensi hiyo pindi anapoisikia tena, hata ikisomwa na mtoto anayempenda.

Sasa, gazeti. Wako wanaosema kwamba kazi ya gazeti ni kuwa kioo, kwamba mwanasiasa ana wafuasi, atatuomba kura, na ni haki yetu kujua yaliyomo moyoni mwake. Ukimfungia mlango wa gazetini, wanasema, atapitia simuni, na huko hakuna wa kumuuliza. Wako wengine wanaosema kwamba neno chafu halina haki ya wino, na mhariri anayelichapisha ni mshirika wa aliyelisema. Sisi tunaona kila upande umeshika sehemu ya haki. Ili tuzipambanue sehemu hizo, na tutazame mahali pawili ambapo watu wetu wamezowea kuzungumza: barazani na kwenye mimbari.

Barazani huketi kila mtu. Huja mwenye hekima na huja mpayukaji, na huja hata yule ambaye majirani hawapendi kumuona akikunja kona. Akisema la upuuzi, yuko wa kumkatiza, yuko wa kumuuliza ameyatoa wapi, na yuko mzee wa kumwambia hayo sivyo yalivyokuwa. Mtu haharibikiwi sana kwa kumsikia mpotovu barazani, kwa sababu huondoka amesikia na jawabu lake.

Mimbari si hivyo. Khatibu akipanda siku ya Ijumaa, hakuna ruhusa ya kumkatiza. Tumefunzwa katika hadithi sahihi kwamba hata kumwambia mwenzako anyamaze wakati wa khutba ni upuuzi. Na kwa kuwa waumini wamefungwa midomo, wenye dhamana ya msikiti wamefungwa shingo. Hawampandishi mtu kabla ya kumjua, wala hakuna kamati ya msikiti inayoweza kujitetea kwa kusema kwamba ilitoa mimbari tu, na maneno ni ya msemaji.

Gazeti lina vyote viwili. Habari iliyochunguzwa, mahojiano yenye maswali, na mjadala wa pande mbili ni baraza. Makala ya maoni yanayochapishwa yalivyoletwa, hotuba inayorushwa mwanzo hadi mwisho, na mahojiano ambayo muulizaji kazi yake ni kuitikia tu, ni mimbari. Kwa hivyo swali la kumuuliza mhariri si kama mtu huyu asikike au asisikike. Tumuulize: umemuweka barazani au umempandisha mimbari?

Tofauti hii imewahi kufika mahakamani, na kesi mbili zinatufaa hapa. Mwaka 1985, mwanahabari wa televisheni ya Denmark, Jens Olaf Jersild, aliwahoji vijana wa genge lililokuwa likiwachukia watu weusi na wageni. Vijana wale walisema maneno ambayo hatutayarudia katika jarida la familia. Mahakama za nchi yake zilimtia hatiani kwa kuwasaidia kuyaeneza. Jersild alipeleka malalamiko yake mpaka Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na tarehe 23 Septemba 1994 majaji 12 dhidi ya 7 wakasema haki yake ya kujieleza ilikuwa imevunjwa. Walilotazama ni namna alivyoyaleta maneno yale. Kipindi kilifunguliwa kwa kueleza kwamba kinachunguza chuki, na vijana wale walionyeshwa jinsi walivyo, pamoja na maisha yao na makosa yao, wala hawakuletwa kama walimu wa umma. Hata hivyo tusiwapuuze majaji walio wachache. Miongoni mwao walikuwapo waliosema kwamba mwanahabari hakuyapinga vya kutosha maneno yale, na kwamba waliotukanwa nao wana haki ya kulindwa.

Mwaka huohuo wa 1994, katika muda wa siku mia moja hivi, mamia ya maelfu ya watu, wengi wao Watutsi, waliuawa katika nchi ya Rwanda. Miaka michache kabla ya hapo lilikuwa limeanzishwa gazeti liitwalo Kangura. Mhariri wake alikuwa Hassan Ngeze, na ndugu wasomaji wataliona jina hilo na kufahamu kwamba kuitwa kwa jina letu hakuizuii kalamu ya mtu kupotoka. Mnamo Desemba 1990 gazeti hilo lilichapisha amri kumi kwa Wahutu. Amri tatu za mwanzo zilizungumzia wanawake. Mwanamke wa Kitutsi alielezwa kuwa ni mtego, anayemuoa akaitwa msaliti, na mwanamke wa Kihutu akatakiwa awaonye mume, kaka na mwana. Tunawaomba mama zetu wazingatie hapa. Gazeti lile halikuanzia kambini kwa askari. Lilianzia chumbani na jikoni, kwa ndoa na kwa ujirani.

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa ikikaa Arusha, ilitoa hukumu juu ya Ngeze na viongozi wawili wa redio ya RTLM tarehe 3 Desemba 2003. Katika rufaa, mwezi wa Novemba 2007, baadhi ya makosa yalifutwa na vifungo vikapunguzwa, cha Ngeze kikawa miaka 35. Jambo moja katika hukumu ile ya mwanzo linastahili kukumbukwa kuliko hesabu ya miaka. Majaji walisikiliza kipindi ambacho mmoja wa washitakiwa, Jean-Bosco Barayagwiza, alisimulia redioni jinsi alivyobaguliwa utotoni kwa kuwa Mhutu. Hawakukihesabu kipindi hicho kuwa kosa. Walikiona kuwa ni masimulizi ya mtu juu ya dhuluma iliyompata, wakasema ni lazima kutenganisha kuzungumzia hali ya kabila na kuchochea chuki ya kabila.

Na hapa ndipo linapotugusa sisi wa Pwani. Malalamiko ya ardhi ni ya kweli. Wako watu wetu waliozaliwa juu ya kiwanja ambacho babu yao alizikwa, na hadi leo huitwa maskwota. Anayesema haya kwa ukali hana kosa. Katika Sura an-Nisaa, aya ya 148, tunafunzwa kwamba Mola hapendi ubaya utangazwe kwa maneno, lakini akambagua aliyedhulumiwa. Basi mlango wa aliyedhulumiwa uko wazi. Lakini aliyedhulumiwa humtaja aliyemdhulumu na humtaja kwa kitendo chake: ofisi iliyotoa hati, aliyeuziwa kwa hila, kiongozi aliyenyamaza. Anapoiacha ofisi na kumgeukia mama anayemenya viazi, aliyepanga chumba kimoja na hana hata shubiri ya ardhi, huyo ameshatoka katika mlango wa malalamiko.

Tusije tukaelewa vibaya tukadhani kwamba dawa ni kufunga. Tunalo la kusema katika kufungiwa pia. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti lake la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, maneno yake juu ya elimu, mila na uigaji wa wageni yaliwauma wengi wa watu wake mwenyewe. Lau kipimo kingekuwa ni kutomuudhi mtu, Waislamu wa Pwani wangekosa mwalimu. Mwaka 1992 chama cha Islamic Party of Kenya kilinyimwa usajili, na wako waliokipenda na waliokichukia, lakini sote tuliona jinsi ilivyo rahisi kwa mwenye nguvu kuliita lalamiko la mnyonge uchochezi. Na tarehe 30 Januari 2018 serikali ilizizima NTV, KTN News na Citizen kwa sababu zilikusudia kuonyesha moja kwa moja kiapo cha upinzani katika bustani ya Uhuru. Mahakama Kuu iliamuru zifunguliwe, na amri hiyo haikutiiwa kwa siku kadhaa. Anayeombea leo mkono wa serikali uwe mrefu juu ya magazeti, na ajiulize kesho mkono huo utamshika nani.

Wala dini yetu haikutufunza kuyaficha maneno ya wapinzani. Qur'ani inatusimulia kiburi cha Firauni mpaka pale alipojidai kuwa ndiye mola wa watu wake, katika Sura an-Naziat, lakini haikutuachia dai hilo likining'inia, bali imetusimulia na mwisho wake. Nabii Musa, alayhi salaam, alipotakiwa kuweka miadi na wachawi, alichagua siku ya sikukuu, mchana kweupe, na watu wote wamekusanyika, kama ilivyo katika Sura Twaha, aya ya 59. Hakuomba wachawi wazuiwe. Aliomba mahali pa wazi ambapo kila upande utaonekana. Hilo ni baraza.

Na katika kubeba maneno, hakuna somo lililo zito kwa wanawake wa Kiislamu kuliko kisa cha kusingiziwa mama yetu Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake. Aliyeukuza uzushi ule alikuwa mnafiki Abdullah bin Ubayy. Lakini wako watu wema walioubeba kwa ndimi zao, miongoni mwao Mistah, Hassan bin Thabit na Hamna bint Jahsh. Hawakuutunga. Walipitisha tu. Na aya zilizoteremka katika Sura an-Nur hazikuwakemea watungaji peke yao, bali na waliolipokea neno kwa ndimi na kulisema kwa vinywa bila ya ujuzi, wakilidhania ni jambo dogo. Bi Zainab bint Jahsh, mke mwenza wa Bi Aisha, ambaye kwa mazoea ya watu angekuwa wa kwanza kufurahia, alipoulizwa aliyahifadhi masikio na macho yake, akasema hamjui mwenzake ila kwa kheri. Ndugu wa tumbo moja, Hamna na Zainab, habari moja, na njia mbili. Hakuna mhariri anayeweza kusema "sisi tumepitisha tu" mbele ya kisa hiki, na hakuna mwenye simu anayeweza kusema hivyo pia.

Tukirudi kwa swali la kwanza la mama, tunasema hivi. Gazeti halikukosea kwa kumfikia mwanasiasa yule wala kwa kutujulisha anayoyasema. Limekosea kwa kumpandisha mimbari. Na ili msomaji asitegemee hisia zake peke yake, tunampa maswali matatu ya kuupima ukurasa wa namna hii. Kwanza, aliyesemwa yupo? Katika ukurasa ule watu wa bara walitajwa mara nyingi, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa. Pili, dai limepimwa? Hudhud alipomletea Nabii Sulaiman habari ya Sabaa, alijibiwa kwamba itatazamwa kama amesema kweli au ni katika waongo, na habari yenyewe ilikuwa ya kweli. Tatu, msemaji analalamikia kitendo au anahukumu asili ya watu? Ukurasa ukishindwa katika maswali yote matatu, ujue picha kubwa na wino mzuri havikuubadilisha. Ni kikaratasi cha 1997, tofauti ni kwamba hiki kina bei na jina la mchapishaji.

Na jina hilo la mchapishaji ndilo jawabu la wanaosema kwamba hata asipochapishwa atapitia simuni. Ni kweli atapitia. Lakini kijana yule asingewasomea wakubwa wake kwa fahari ujumbe wa simu usiokuwa na mwenyewe. Aliwasomea kwa sababu lilikuwa gazeti. Heshima ile ni amana iliyojengwa kwa miaka na wanahabari waliopima maneno yao, na mwanasiasa aliazimwa bure.

Sheria nayo haikunyamaza. Katiba yetu ya 2010, katika Ibara ya 33, imetupa uhuru wa kujieleza, na ibara hiyohiyo imesema uhuru huo haufiki kwenye uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki na kuwachafua watu wengine. Ibara ya 35 imempa kila mtu haki ya kutaka habari ya uongo au ya kupotosha inayomhusu isahihishwe au ifutwe. Liko pia Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya, ambalo hupokea malalamiko dhidi ya vyombo vya habari. Barua kwa mhariri haihitaji wakili. Itaje tarehe na ukurasa, iandike sentensi inayolalamikiwa kama ilivyochapwa, iseme kosa lake ni nini na ni nani aliyeumizwa, na isiwe na tusi hata moja.

Limebaki swali la pili, la mtoto. Mama, hatuoni kwamba mwanao alikusudia ubaya. Alisoma alichopewa. Usimchapie hilo, wala usilichome gazeti. Likunje uliweke. Kisha jioni mpakulie viazi katika sahani, mfuatane naye mpaka mlangoni kwa jirani yenu, na umuombe radhi wewe kwanza, mtoto akisikia. Jirani akipenda kusimulia ya 1997, mwanao na akae chini asikilize, na asiulize ila kwa adabu. Asipopenda, msimlazimishe, kwani kidonda ni chake.

Mkirudi nyumbani, mpe kijana kalamu na karatasi. Ufasaha wake wa kusoma uwe wa kuandika. Amwandikie mhariri kwamba siku fulani, katika ukurasa fulani, watu walizungumziwa bila ya kuulizwa, na kwamba yeye, mwanafunzi wa sekondari, amekwenda kuwauliza. Kama jirani ameridhia, na aeleze aliyoyasikia, bila ya kumtaja jina. Mhariri akiichapisha, kheri. Asipoichapisha, kijana atakuwa amejifunza kazi ambayo gazeti lilisahau kuifanya siku ile, na jirani atakuwa amejua kwamba katika uwa ule bado ana pa kukaa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azilinde ndimi zetu na kalamu zetu, awape wahariri wetu ujasiri wa kuuliza, na aupe mji wetu amani iliyo na haki ndani yake. Wabillahi tawfiq.